MJADALA: Ramani ya mtandao wa magonjwa imwelekeze daktari dawa ya kutoa?

Ngalawa: Wakuu, Februari 2020, Uviko ndiyo kwanza inachanganya, BenevolentAI ya London walipekua mtandao wao wa maarifa ya tiba: dawa, protini, magonjwa, kila kimoja kimeunganishwa na kinachohusiana nacho. Wakatafuta dawa iliyopo inayoweza kuzuia kirusi kuingia kwenye seli. Ikaibuka baricitinib, dawa ya baridi yabisi, na baadaye ikaidhinishwa. Kwa nini sisi tutegemee kichwa cha mtu mmoja, tena pengine tabibu wa diploma ya miaka mitatu?

Tabibu Nyanda za Juu: Hiyo "miaka mitatu" imeingiaje hapa?

Chumvi Nyingi: Ngalawa umeruka hatua. Mtandao ulipendekeza tu. Kazi ilifanywa na majaribio. Lile la Uingereza, RECOVERY, lilikuwa na wagonjwa elfu nane na kitu, vifo vikashuka toka 14% hadi 12%. Siyo muujiza.

Bi Nesi Mstaafu: Wanangu, mitandao ina mengi, hata ile ya marafiki. Kuna ule utafiti wa Framingham, Marekani, 2007 kama sikosei: rafiki akinenepa, uwezekano wa wewe kunenepa unapanda 57%.

Chumvi Nyingi: Shikamoo Bi Nesi. Mwaka uliofuata wenzao wakatumia mbinu ya aina hiyohiyo kwa vijana, wakakuta hata chunusi na urefu "vinaambukizwa" na rafiki!

Mfupi wa Tandika: Rafiki yangu ana futi sita tangu sekondari. Mbona mimi bado napanda kiti kufikia kabati? Nidai fidia wapi?

Ngalawa: 😂 Mnachekesha ila mnakwepa hoja.

Tabibu Nyanda za Juu: Anayekwepa ni wewe. Huo mtandao unaokota yaliyoandikwa. Saratani imeandikwa mno, kuumwa na nyoka kiduchu. Mgonjwa wangu anakuja kavimba mguu, nyuzi za ramani yako zinafika kwake? Na usiku ule nani anampokea, kompyuta au huyu wa miaka mitatu?

Ngalawa: Mimi nazungumzia hospitali, siyo zahanati.

Tabibu Nyanda za Juu: Kwa hiyo zahanati wanatibiwa kuku?

Mfupi wa Tandika: Ngalawa, hapo huchomoki.

Ngalawa: Diploma ni miaka mingapi? Nijibu hilo tu.

Bi Nesi Mstaafu: Mwanangu, ulipozaliwa alikupokea nani, profesa?