Siku ya 9 ya mazoezi, mizani inapanda badala ya kushuka. Nakosea wapi?

Mgeni wa Jasho
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, maana sasa naanza kuiogopa mizani kama mtu anayedaiwa.

Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa. Siku 9 zilizopita nilianza mazoezi: asubuhi nakimbia taratibu dakika 25, halafu siku tatu kwa wiki naongeza pushapu, kamba na kuchuchumaa. Siku ya kwanza, kwa kiherehere changu, nilichuchumaa mara 100. Kesho yake ngazi nilizishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, na kukaa chooni ulikuwa mtihani.

Siku naanza nilikuwa na kilo 84.2. Siku ya nne 85.9. Siku ya saba 84.9, nikafurahi. Leo 86.0! Soda nimeacha, chakula nimepunguza. Jana nimepanda mizani mara tano na kila mara inasema lake. Nawaza kuacha kabisa kula usiku. Au mwili umegoma?

Kigoda
Mara tano kwa siku? Hiyo mizani nayo inahitaji likizo, mkuu.

Mzee wa Pushapu
Hongera, hiyo ni misuli inaingia. Misuli ni mizito kuliko mafuta. Kaza buti.

Kamba Mkononi
Mzee wa Pushapu, heshima yako, lakini hilo tunalirudia kila siku na si kweli. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta ni kilo ileile, ila misuli imeshikana zaidi kwa hiyo inachukua nafasi ndogo. Na hakuna anayejenga karibu kilo mbili za misuli ndani ya siku 9.

Mleta uzi, mafuta nayo si hayo. Ili uongeze kilo moja ya mafuta unahitaji kula takriban kalori 7,700 juu ya zile mwili unazotumia. Kilo 1.8 ni karibu 14,000, yaani zaidi ya 1,500 za ziada kila siku kwa siku 9 mfululizo. Wewe umeacha soda. Umezila wapi?

Hayo ni maji, kwa sehemu kubwa. Kwanza, zile 100 za siku ya kwanza zimeichana misuli yako michano midogo midogo. Mwili unapotengeneza palipoumia huwa unapeleka majimaji pale, ndiyo maana mapaja yanauma na kukaza, hasa siku ya pili na ya tatu. Pili, misuli inayofanya kazi inaanza kujiwekea akiba ya sukari, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hushika kama gramu 3 za maji. Ukiongeza akiba ya gramu 100 tu, tayari umepanda karibu nusu kilo, na hakuna hata chembe ya mafuta hapo. Tatu, ukianza kukimbia mwili huongeza maji ya damu ndani ya siku chache tu ili moyo usihangaike.

Ukibisha fanya jaribio. Panda mizani, soma namba. Shuka, kunywa nusu lita ya maji, panda tena. Umeongezeka nusu kilo. Umenenepa saa ngapi?

Mama Dogo
Umeongea vizuri. Niongezee kwa dada zangu wanaosoma kimyakimya: mimi siku chache kabla ya hedhi napanda kilo moja na zaidi, kisha zinaondoka zenyewe. Zamani nilikuwa naacha mazoezi kila mwezi kwa hasira, kumbe nagombana na maji. Linganisheni wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Na chumvi pia: ukila chakula cha chumvi nyingi usiku, asubuhi hata pete haivuki kidole.

Suruali ya Zamani
Mimi mizani niligawa. Kuna suruali moja naijaribu kila Jumapili, basi. Kama namba inakuharibia siku nzima, ya nini?

Kamba Mkononi
Kwa wengine hiyo ndiyo dawa, sikatai. Ila kama unaitaka mizani, pima mara moja tu: asubuhi, umeshakojoa, hujala, nguo zilezile nyepesi, mizani kwenye sakafu ngumu na si juu ya zulia. Andika. Mwisho wa wiki jumlisha siku saba, gawa kwa saba, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na wiki inayofuata. Namba ya siku moja inaweza kuyumba kilo moja hata mbili bila sababu ya maana. Tafuta pia futi ya fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu. Chakula cha usiku usikiache, utaishia kuvamia sufuria saa sita.

Mgeni wa Jasho
Ahsanteni sana. Hilo la sufuria umejuaje? Swali moja: jirani ananishauri nikimbilie na koti la mvua ili nitoe jasho jingi.

Kamba Mkononi
Usithubutu. Utapoteza maji, utayanywa, yatarudi. Katikati hapo unaweza kuzimia kwa joto.

Mtu wa Zamu
Nami niseme kitu, maana hizo 100 zimenishtua. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli iliyoumia sana inaweza kuziumiza figo. Vilevile kama miguu imevimba, ukibonyeza kidole kishimo kinabaki, au pumzi inakata ukilala chali. Hayo si ya kuulizia humu.

Mgeni wa Jasho
Mkojo uko safi, miguu iko sawa. Nimeshusha mpaka 30.

Mgeni wa Jasho
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Wastani wa wiki ya kwanza 85.5, ya pili 85.1, ya tatu 84.4. Kiuno kilikuwa sentimita 101, sasa 99. Juzi asubuhi ilisoma 83.9, leo 85.2, zamani ningelala na viatu kwa mawazo. Leo nimeandika tu, nikaenda kukimbia. Ila mkanda wa suruali umeingia tundu la ndani, hilo sikulitegemea mapema hivi.

Kigoda
Na leo umepima mara ngapi? Sema ukweli.

Mgeni wa Jasho
Mbili. Ya pili nilikuwa nimembeba mtoto, tunampima yeye.