Mibono yangu imejaa majani, matunda hamna. Nipogoe au niiache inenepe?

Kijana wa Nachi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, maana siku hizi usingizi wenyewe ni wa kuungaunga. Nina ekari mbili za mibono kaburi (jatropha), ile ya kukamua mafuta, huku Nachingwea, niliotesha kwa mbegu, na huu ni msimu wa tatu. Imestawi kweli. Shina ni nene kama mkono wangu, majani yamefunga mpaka jua halifiki chini. Ila matunda ni ya kuokoteza, kuna miti haina hata kichala kimoja. Mtu mmoja ananiambia nipogoe kabla ya mvua, mwingine anasema nikigusa tawi nimejiharibia mwenyewe. Nifanyeje? Wenye uzoefu tu, tafadhali.

Mama Abuu
Mwanangu, hata hizo za kuokoteza usizidharau. Kina mama wa Engaruka kule Monduli walikuwa wanapata hela kwa mbegu za uzio tu, na mafuta yake sabuni yake ni nzuri sana kwa ngozi yenye vipele. Kwa mashine ya mkono unahitaji kama kilo 5 za mbegu kupata lita moja. Mimi nilianza na ndoo moja jikoni, leo nasomeshea wajukuu. Weka tu mbegu mbali na watoto. Ina ladha tamu kama karanga, lakini akila ni kutapika na kuharisha mpaka hospitali.

Bwana Miche
Mama Abuu, yeye hana hata mbegu za kukamua.
Mleta uzi, umepanda kwa nafasi gani na umeweka mbolea gani?

Kijana wa Nachi
Mita moja kwa mita moja. Samadi kila mwaka. Shamba liko bondeni, udongo mweusi.

Bwana Miche
Sasa tunaelewana. Mbono hutoa maua kwenye ncha ya tawi. Ncha chache, vichala vichache. Na katika kichala kimoja maua dume ni mengi mno, jike ni machache, na anayechavusha ni nyuki na wadudu wenzake. Wewe umeubana, umeulisha samadi, umeuweka kwenye unyevu, kwa hiyo mti umekimbilia juu kutafuta jua na chakula chote kimeishia kwenye majani na shina. Kwa kuvuna mbegu, watu hupanda mita mbili kwa mbili, wengine tatu kwa mbili. Punguza mistari, kisha pogoa mti ukiwa umepukutisha majani wakati huu wa kiangazi, ili kila tawi litoe machipukizi kadhaa. Chunga pia maji yasituame hapo bondeni, mizizi yake inaoza upesi.
Na huyo aliyekukataza kugusa tawi ni nani?

Kijana wa Nachi
Ni mtu wa mradi. Tuache hilo mkuu, nilitaka tu kujua kupogoa.

Mwenyeji wa Kilwa
Nikisikia mibono na mradi katika sentensi moja, tumbo linaniuma. Ilikuwa hivihivi 2007, 2008. Ulaya nzima ilikuwa inausifu huu mti kwamba utatoa mafuta ya magari, ndege ya Air New Zealand ikajaribiwa hewani na mafuta yake Desemba 2008, India ikapanga kupanda mamilioni ya hekta. Tuliambiwa unaota jangwani, hauhitaji maji, mdudu haugusi. Kuota unaota kweli, haufi. Lakini kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine, na hilo hakuna aliyetuambia. Marehemu baba yangu mdogo aliacha ufuta akapanda mibono. Mvunaji anapita kwenye mti uleule mara nne, tano, kwa sababu matunda hayaivi pamoja, halafu bei ya kilo haimlipi hata kibarua. Wakenya walifanya utafiti kwa wakulima wao 2009 wakasema wazi: pandeni kama uzio, siyo kama shamba. Mzee hakuwahi kuiona ripoti hiyo. Alikuwa mtu mkarimu sana, ufuta wake ulikuwa unajulikana mpaka Somanga.

Teja wa Mbuzi
Kwenye uzio nakubali kabisa. Mbuzi wangu aliwahi kutafuna kitambulisho changu cha kura, lakini mbono anaupita kama hauoni.

Dada Hesabu
Mleta uzi, mradi unalipia nini hasa? Mbegu, au mti wenyewe?

Kijana wa Nachi
Sawa. Wanalipia uzito wa mti. Tungamotaka. Wanasema ni biashara ya hewa ukaa, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo mti umeinyonya na kuihifadhi, watakuja kupima unene wa shina, matunda si lazima. Ndiyo maana hawataki nipogoe. Na nina shamba la pili la kuongeza, mwisho wa mwezi natakiwa nilipie miche. Jamani msinihukumu, mkataba una muhuri.

Dada Hesabu
Miche unalipa wewe, na hela ya hewa ukaa inakuja baadaye? Kaa na kalamu. Mti wa mbono ni laini, umejaa maji. Ukiubeba mbichi ni mzito, ukikauka ni mwepesi, hata kuni haifai. Tuseme kila mti una kilo 10 zikiwa zimekauka kabisa. Karibu nusu ni kaboni, kilo 5. Kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo zidisha, unapata kama kilo 18 za hewa ukaa. Miti 1,000 ni tani 18. Hizo ni za miaka yote mti uliyokua, hazirudi kila mwaka. Waulize wanalipa kiasi gani kwa tani, na gharama ya mpimaji inakatwa kwenye fungu la nani. Waulize pia wanapima shina kwa urefu gani, kwa sababu mbono hugawanyika matawi chini kabisa, huwezi kuupima kifuani kama mvule.

Popo wa Usiku
Wadau, mnachoka bure. Hii ni chai. Nani anapanda mibono zama hizi? Huyu ndiye wakala mwenyewe, kesho atakuja na akaunti nyingine aseme "mimi nimelipwa". Moderata funga uzi.

Mwenyeji wa Kilwa
Na mimi nimeanza kushtuka. Muhuri, tungamotaka, mwisho wa mwezi. Lugha ya mawakala hiyo.

Bwana Miche
Tumuulize swali la shambani. Kijana, ukikata tawi la mbono asubuhi nguo yako inakuwaje? Na majani yako yana shida gani masika?

Kijana wa Nachi
Utomvu ni kama maji mwanzoni, ukikauka kwenye shati unabaki doa la kahawia ambalo sabuni haitoi. Masika kuna vidudu vidogo vya kurukaruka, vinatoboa majani yanabaki kama chekecheke. Mihogo niliyopanda pembeni nayo ina majani yaliyojikunja, sijui kama vinahusiana.
Mimi si wakala. Wakala hawezi kulala na hofu ninayolala nayo mimi.

Bwana Miche
Huyu ana shamba. Mbono na muhogo ni ukoo mmoja, virusi vya batobato, vile vinavyokunja majani ya muhogo, vimewahi kuonekana kwenye mibono Kenya. Usiipande karibukaribu tena.

Dada Hesabu
Basi nijibu moja. Hilo shamba la pili lina nini sasa hivi?

Kijana wa Nachi
Mikorosho ya mama. Lakini ni mizee! Inazaa kidogo, dawa ya salfa ni gharama, ugonjwa wa ubwiriunga kila mwaka. Mama kasema nifanye nionavyo. Na mstari wa kwanza nimeshaukata.

Mama Abuu
Mama akisema "fanya uonavyo" hajakubali, mwanangu. Amechoka kubishana na wewe. Kakae naye.

Mwenyeji wa Kilwa
Korosho! Msimu wa 2024 mnadani kilo ilivuka shilingi 4,000, wewe unaiangusha mikorosho ili upande mti usio na soko?

Kijana wa Nachi
Mzee, bei hiyo ni ya mwaka mmoja. Nimeona korosho ikishuka pia. Mimi natafuta kitu ambacho hakitegemei mnada, na ndugu zangu wote wameenda Dar, nimebaki peke yangu na mama.

Dada Hesabu
Nakuelewa. Lakini mradi wa kweli wa hewa ukaa haufumbii macho miti iliyosimama inapokatwa ili kupanda mingine. Kaboni ya mkorosho wa miaka 30 ni nyingi kuliko ya mibono mingapi? Wao kukaa kimya juu ya hilo ndiko kunakonitisha kwa niaba yako.

Bwana Miche
Umekata kwa urefu gani? Visiki umeng'oa au umechoma?

Kijana wa Nachi
Usawa wa kiuno. Kijana wa msumeno ndiye aliyekata. Kung'oa ilikuwa kesho.

Bwana Miche
Usiving'oe! Mkorosho uliokatwa hivyo unachipua. Machipukizi yakikomaa, acha machache yenye nguvu, ubebeshe (yaani uunganishe) vikonyo, vile vipande vya matawi machanga, vya aina bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Wanafundisha kubebesha miti mikongwe hivyohivyo, na mizizi ya zamani inausukuma mti haraka kuliko mche mpya. Na ile ekari mbili, pogoa mstari mmoja, ruka mmoja, ulinganishe mwenyewe.

Kijana wa Nachi
Nimempigia wa msumeno, kesho haji. Mibono nitapogoa nusu. Mkataba sijasema navunja, nawapigia kwanza kuuliza hiyo bei ya tani. Bwana Miche, vikonyo vinasafiri siku ngapi kabla ya kukauka?

Bwana Miche
Vikate asubuhi, uviondoe majani, uvifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni, na ubebeshe mapema uwezavyo. Kutoka Mtwara kuja Nachingwea vinafika vizima. Ila subiri machipukizi kwanza, usikimbilie.