Drafti ya NFL 2024: tuwapange kwotabeki hawa sita kabla ya Alhamisi

Mpenda Pasi (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam. Drafti, yaani siku timu za NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, inaanza Alhamisi hii, Aprili 25, Detroit. Kwa walioko Dar na Nairobi itakuwa saa 9 usiku kuamkia Ijumaa. Chicago wanachagua wa kwanza, Washington wa 2, New England wa 3, na wote watatu wanahitaji kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Nimewatazama vijana hawa mechi nzima nzima, si vipande vya mitandaoni. Kipimo changu ni kimoja: mpokeaji wa kwanza kazibwa, jitu la kilo 120 limeshavunja ukuta na linakuja, kijana anafanya nini na mpira? Takwimu nazitazama baadaye.

1. Caleb Williams, USC
2. Drake Maye, North Carolina
3. Jayden Daniels, LSU
4. J.J. McCarthy, Michigan
5. Michael Penix Jr., Washington (chuo, si ile timu ya NFL)
6. Bo Nix, Oregon

Caleb sitamwongelea sana. Ana Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) ya 2022, mwaka aliorusha tachidauni 42, yaani pasi zilizofika eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi, na pasi 5 tu zilizonaswa na wapinzani. Mwaka jana USC waliyumba, lakini hata hivyo alimaliza na 30 kwa 5, na 3 kati ya hizo 5 zilinaswa usiku mmoja, kule Notre Dame, walipofungwa 48-20. Kosa lake ni kung'ang'ania mpira muda mrefu akitafuta kitu kikubwa. Hilo linafundishika.

Maye ndiye ninayeona watu wanamwonea. Wanasema kashuka: yadi 4,321 na tachidauni 38 mwaka 2022, kisha 3,608 na 24. Lakini kocha wake wa mashambulizi, Phil Longo, alihamia Wisconsin, na mpokeaji wake bora, Josh Downs, akaenda NFL. Tazameni mechi ya Pittsburgh mwezi Septemba. Yeye hutumia mkono wa kulia. Anakimbilia kushoto, beki keshamshika, mkono wa kulia hauna nafasi, anahamishia mpira mkono wa kushoto na kuurusha hivyo hivyo. Tachidauni. Kitu kama kile hakifundishwi mazoezini.

Daniels ana Heisman ya 2023, lakini amechezea vyuo miaka mitano na alikuwa na Malik Nabers upande mmoja na Brian Thomas Jr. upande mwingine. Kwa wapokeaji wale, wengi wangeng'ara.

Bayou255 (Houston)

Mkuu, nakuheshimu, ila hapo kwa Daniels sikubaliani nawe hata kidogo.

Tachidauni 40 za pasi, 4 tu zilizonaswa, na juu yake yadi 1,134 za mbio. Dhidi ya Florida mwezi Novemba alipata yadi 372 kwa pasi na 234 kwa miguu. Katika ngazi ya juu ya vyuo hakuna mtu aliyewahi kupita 350 za pasi na 200 za mbio kwenye mechi moja. Hayo ni ya Nabers? Nabers alimkimbilia?

Halafu hoja ya wapokeaji, wewe wa Columbus ndiye wa mwisho kuitoa. Mwaka jana C.J. Stroud alitoka hapo hapo kwenu Ohio State na Marvin Harrison Jr. na Emeka Egbuka. Watu wakasema hivyo hivyo: wapokeaji ndio wanambeba. Carolina wakamchukua Bryce Young namba 1, Stroud akaja kwetu namba 2, akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi wa msimu. Nilimwona kwa macho yangu uwanjani hapa. Kijana akiwa na wapokeaji wazuri na akawafikishia mpira kwa wakati kila wiki, hiyo ni kazi yake nzuri, si kosa lake.

Mpenda Pasi

Kaka, la Stroud limenigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilimtetea mwaka jana kwa maneno hayo hayo. Niache nilirudie. Ila wasiwasi wangu mkubwa kwa Daniels ni mwili. Ana kama kilo 95 kwa urefu ule, na anapokimbia haoni haja ya kujilaza chini. Alabama, Novemba 4: mlinzi wao Dallas Turner alimpiga wakati anaachia pasi, akalala chini, na hakumaliza mechi. NFL kila wiki kuna Turner wanne.

Mama Zuhura (Minneapolis)

Mimi nataka kusema la Caleb. Baada ya chuo cha Washington kuwafunga USC 52-42 alipanda jukwaani kwa mama yake akalia, mama akamfunika uso kwa bango. Tangu siku ile nasoma watu wazima wanaandika kwamba hana moyo wa uongozi. Nina wavulana wawili wanaocheza shule ya sekondari hapa. Kijana anayelia kwa sababu timu imeshindwa ndiye ninayemtaka. Na pointi 42 alizofunga siku ile zingetosha kama ulinzi ungekuwepo. Kocha wa ulinzi wa USC alifukuzwa kesho yake. Kumpima mtu kwa machozi si uskauti.

Kipanga (Ann Arbor)

Naafiki. Sasa nije kwa J.J. McCarthy. Watu wanasema "hatujaona pasi zake za kutosha". Mechi ya Penn State tuliitazama kazini, zamu ya mchana, simu imeegemezwa kwenye boksi. Alirusha pasi 8 tu. Kipindi cha pili chote Michigan walikimbiza mpira, na mechi ikaisha kwa ushindi. Kocha kaona njia hiyo inatosha, mchezaji afanye nini? Asusie? Ameanza mechi 28, ameshinda 27, na ana ubingwa wa taifa. Mkimpa timu kama Minnesota, yenye Justin Jefferson, mtaona mkono wake.

Mpenda Pasi

Kipanga, simlaumu. Nasema tu kwamba usichokiona huwezi kukilipia bei kubwa. San Francisco mwaka 2021 walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza wakampata Trey Lance, kijana ambaye msimu wake wa mwisho chuoni alicheza mechi moja. Mwaka 2023 aliuzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya 4 tu. J.J. ana mechi nyingi kuliko Lance, lakini mechi ambazo timu ilimtegemea yeye ni chache. Namba 4 ni pazuri kwake.

Goti Zima (Nairobi)

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Penix mmemweka wa 5 bila kusema sababu; wengi humshusha kwa ajili ya majeraha, hasa ya goti, basi niyaeleze. Akiwa Indiana alikata kano ya goti lile lile mara mbili, 2018 na 2020, na mabega yakamtoa uwanjani 2019 na 2021. Hilo ni zito, na daktari wa timu ana haki ya kuuliza. Lakini akiwa chuo cha Washington hakukosa mechi hata moja misimu miwili, akaongoza nchi nzima mwaka jana kwa yadi 4,903. Goti lililobeba mzigo ule misimu miwili lina ushahidi wake.

Kinachonisumbua mimi ni fainali ya vyuo dhidi ya Michigan. Kwenye nusu fainali Texas hawakumfikia, akawapiga yadi 430. Michigan walimfikia, akanaswa mara 2. Hicho ni kipimo chako mwenyewe, Mpenda Pasi.

Mgeni wa Temeke (Dar es Salaam)

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mchezo huu. Kwa nini Nix yuko mwisho wakati pasi zake zilifika kwa asilimia 77.4? Na je, namba kubwa ya chaguo inamaanisha nini kwa kijana?

Bayou255

Karibu sana, ndugu. 77.4 ni rekodi ya vyuo, na mechi 61 alizoanza pia ni rekodi kwa kwotabeki. Tatizo ni kwamba Oregon walimpa pasi nyingi fupi sana, nyingine nyuma kabisa ya mstari wa kuanzia, mpokeaji ndiye anakimbia. Tena Washington ya Penix ilimfunga mara 2 msimu mmoja.

Kuhusu namba: Tom Brady alichaguliwa wa 199. Brock Purdy, wa 262, wa mwisho kabisa, na Februari hii alikuwa kwenye Super Bowl, fainali ya NFL. Namba inakupa pesa na subira ya mwenye timu. Uwezo unakuja nao wewe.

Mpenda Pasi

Nimekaa jana usiku nikarudia mechi tatu za Daniels, ile ya Florida nikaitazama mara mbili. Kuna mchezo mmoja ukuta wa wanaomkinga unavunjika mbele yake, anapanda hatua moja mbele badala ya kukimbia, macho hayashuki, pasi inatoka. Huyo si yule niliyemwandika juu.

Bayou, umeshinda. Daniels nampeleka wa 2, Maye wa 3, na nafasi kati yao ni nyembamba. Goti Zima, Penix nabaki naye wa 5 kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja, ya fainali.

Bayou255

Asante kaka. Sasa Washington wasije wakamchukua Maye, tukaonekana wote wawili hatujui.

Mgeni wa Temeke

Nimeweka kengele saa 8 na nusu. Nitamwangalia Maye kwanza, kwa sababu ya ule mkono wa kushoto.