Floraidi iliniharibu meno utotoni, leo naambiwa niirudie?

Binti wa Usa River:
Habari za jioni jamani. Nimezaliwa Usa River, Arusha, kwa hiyo meno yangu mnayajua: kahawia, yana vidoa. Bweni nilikuwa siwezi kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Nilipoambiwa ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya kwetu, niliapa haitaingia tena kinywani mwangu. Huu mwaka wa tatu natumia dawa ya meno isiyo nayo.

Sasa niko Tanga, nauza juisi ya ndimu na ya ukwaju, na kila jagi lazima nionje. Meno ya mbele yameisha nchani. Nikijitazama kwenye kioo karibu na dirisha naona mwanga unapenya. Maji ya baridi yananichoma hadi utosini. Nikishaonja napiga mswaki hapohapo kutoa uchachu. Nimeambiwa nirudie yenye floraidi. Kweli jamani? Hiyo hiyo?

Tabibu wa meno:
Pole sana dada. Madoa yale yaliingia meno yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, ulipokuwa ukiyanywa maji hayo kila siku. Jino lililokwisha kuota halipati tena madoa hayo.

Kinachokula meno yako leo ni ndimu. Gamba la jino huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako 2 na kitu. Jino likishalainika, wewe unalikwangua na mswaki. Hilo acha leo hii. Onja kwa kijiko, kisha sukutua kwa maji matupu. Mswaki piga asubuhi kabla ya kazi, na usiku. Tafuta dawa yenye floraidi, zile zilizoandikwa 1,450 ppm (kipimo cha floraidi iliyomo), na mswaki laini. Ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue. Kilichokwisha kulika hakirudi, ila kilichobaki kitakazika.

Mama wa Maji ya Chai:
Huku kwetu Maji ya Chai, jirani na Usa River, adui wa meno ya watoto ni ndoo ya maji. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki. Mimi nakinga ya mvua, na makande nimeacha kutia magadi, maana nayo yanayo.

Binti wa Usa River:
Asanteni mno. Kikombe cha maji nimeshakiweka kando ya blenda. Mwanangu wa miaka 4 nilikuwa namwekea dawa hiyo hiyo yangu. Naye nimbadilishie?

Tabibu wa meno:
Mbadilishie. Kiasi cha punje ya njegere, na umsimamie mpaka ateme.