Admin wa kijiwe cha Commander, nani kakutuma uirudishe Mana Crypt?

Wakuu salaam, nina hasira kwa hiyo nikichapia mtanisamehe.

Kwa ambao hawajui, Commander ni ule mchezo wa kadi za Magic mnaokaa wanne mezani, kila mtu na deki ya kadi 100 zisizojirudia (ukitoa ardhi za kawaida), mnaanza na uhai 40, na kadi moja ndo kamanda wako, anakaa pembeni mpaka umlipie mana atoke (mana ndo nguvu ya kulipia kadi, kwa kawaida inatoka kwenye kadi za ardhi). Utamu wake ni kwamba gemu inavuta muda, mnapatana, mnageukana, mnazomeana. Na haukutungwa na kampuni, ulianza kwa wachezaji wenyewe huko Alaska na kwa miaka kibao sheria zilishikwa na kamati ya wachezaji. Kamati hiyo ndo tarehe 23 Septemba 2024 iliyopiga ban kadi nne kwa mpigo: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu. Duniani huko watu wakachachamaa, wengine wakafikia hadi kuwatishia wanakamati, tarehe 30 mwezi uleule kamati ikabwaga manyanga ikaikabidhi kazi yote Wizards of the Coast, kampuni yenyewe inayotengeneza Magic.

Sisi kijiweni kwetu Sinza tuliifuata ile ban na maisha yakaenda. Sasa Alhamisi usiku watu wanajiandaa kulala admin anatupia meseji kwenye group, "kuanzia Jumamosi zile nne ruksa, meza itaamua." Meza ipi? Kikao kilikaa lini? Vidole gumba vitatu chini ya meseji, tena vya wale wale tunaowajua, tayari imekuwa sheria.

Jumamosi yenyewe mmeiona. Jamaa anaanza, anaweka ardhi, anashusha Mana Crypt bure, analaza ardhi apate mana ya kulipia Sol Ring, Sol Ring inampa mana mbili, Crypt mana mbili, hapo ana mana nne na sisi watatu hatujashusha hata kadi. Anacheka. Anaweka Jeweled Lotus, bure vilevile, anaitoa sadaka, mana tatu zaidi za kumlipia kamanda. Kamanda wa mana saba mezani zamu ya kwanza! Zamu yangu inafika, mimi nina ardhi moja imekaa kama yatima. Zamu ya nne tumekufa wote, na kuna dogo katoka Gongo la Mboto kwa daladala, kabadilisha magari, kasimama njia nzima, akaishia kukaa pembeni anachati hadi meza ya pili imalize. Huyo dogo harudi, na mimi simlaumu.

Halafu mnaleta hoja ya "huko nje watu wamezilipia, wanaonewa." Huko nje sawa! Mana Crypt kabla ya ban ilikuwa inavuka dola 100, mtu kabana mshahara kanunua, akifungiwa ana haki ya kulia. Wewe umelia nini? Yako umeprint Kariakoo, kadi tisa kwenye A4 moja, ukakata na mkasi tena umeikata upande, ukaichomeka kwenye plastiki mbele ya ardhi ya kawaida. Sipingi kopi, mimi mwenyewe deki yangu robo tatu ni kopi, bila kopi Bongo huu mchezo hamna. Lakini hapo ndo mjiongeze wakuu: kwao bei peke yake ilikuwa inazuia, kwenye meza ya wanne labda mmoja ndo anayo Crypt. Kwetu mkiruhusu tu, wiki ijayo kila deki inayo, na asiyenayo ni mjinga. Sisi ndo tunaihitaji hiyo ban kuliko hata walioitunga.

Na msiniambie "Crypt ina hatari, unarusha sarafu kila zamu, ukikosa inakupiga tatu." Tatu kwenye 40! Hiyo kadi imetoka 1995, watu wanaanza na uhai 20, huko tatu inauma. Huku unapigwa mara tano bado una 25 na mezani umeshamaliza kazi.

Dockside ndo kabisa. Unailipia mana mbili, inahesabu vifaa na enchanti (kadi za uchawi unaobaki mezani) zote za wapinzani wako halafu inakupa Treasure idadi hiyohiyo, na kila Treasure ukiitoa sadaka inakupa mana moja. Wapinzani watatu, kila mmoja kamwaga vifaa vya mana ili asiachwe, unavuna nane kirahisi. Ukiwa na namna ya kuirudisha mkononi unaishusha tena, unavuna tena, sisi tunaangalia. Nadu sitaki hata kuiongelea, zamu yake moja naenda kununua chipsi kavu nasubiri zikaangwe narudi mtu bado anafunua kadi. (Na yule anayeshika kadi za wenzake na mafuta ya chipsi, wewe uzi wako unakuja.)

Najua kuna mtu ataandika "mbona Sol Ring hamuifungii." Kweli, kwa nguvu inastahili, sibishi. Ila ipo karibu kwenye kila deki ya Commander inayouzwa tayari dukani, ukiitoa mgeni anafungua boksi jipya unamwambia kadi yako haramu. Moja tunaivumilia, siyo ndo kibali cha kuleta ndugu zake wote.

Na huyo aliyesema kampuni ilishazifungulia aache uongo. Aprili 2025 walifungulia kadi tano, Gifts Ungiven, Braids, Coalition Victory, Panoptic Mirror na Sway of the Stars. Kati ya zile nne hamna hata moja. Umesoma kichwa cha habari ukakimbilia kuprint.

Mnaotaka kucheza kwa nguvu zote kaeni meza yenu, Crypt kwa Crypt, uaneni zamu ya pili mfurahi, hakuna anayewazuia. Meza zingine ban ibaki. Admin najua umo humu unasoma kimyakimya, rudisha listi ya zamani kwenye group kabla ya Ijumaa, na kama hutaki basi piga kura ya wazi, kila mtu kwa jina lake, mchana.