Naombeni ushauri: nifanyeje majirani wakubali kufunika na kusugua vyombo vya maji? (Mtwara)

BintiMagomeni
Habari za leo ndugu zangu. Niko Mtwara mjini, Magomeni, na naandika kwa sababu nimeishiwa njia.

Mvua zilizopita mdogo wangu wa kike alishikwa na homa kali ghafla. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, macho yanauma kwa nyuma hata kuyageuza hawezi. Sisi kama kawaida yetu tukasema malaria. Kipimo kikatoka hasi, bado akanywa dawa ya malaria, na duka moja la dawa wakamwongezea diklofenaki ya maumivu. Siku ya nne homa ikashuka. Tukamshukuru Mungu, nikampikia uji. Usiku uleule akaanza kutapika mfululizo, tumbo linamkata, na alfajiri nikaona fizi zinatoka damu. Hospitalini ndipo tukaambiwa dengue, homa inayoenezwa na mbu. Alilazwa siku tano, sasa mzima, alhamdulillah. Lakini nyumba inayofuata wakaugua wawili, na ng'ambo ya barabara mmoja.

Bwana afya alikuja kukagua, akaanzia kwangu. Mimi nikijua maji yangu masafi, ndiyo tunayokunywa. Akamulika tochi kwenye jaba la uani, nikaona vitu kama nyuzi nyeusi vinajipindapinda karibu na uso wa maji. Kivuli cha mkono wake kilipopita, vyote vikazama kwa mkupuo. Kumbe viluwiluwi, watoto wa mbu! Nilisisimka mwili mzima. Tangu siku ile kila Ijumaa nasugua majaba yangu. Lakini uani kwangu na kwa jirani tunatenganishwa na makuti tu, kusugua peke yangu kutanisaidia nini?

Nimelipeleka kwenye mkutano wa mtaa. Wapo waliosema mbu wanatoka mtaroni, manispaa ije ipulize dawa. Wengine wakasema maji yenyewe ya mgao, leo unatwambia tumwage? Na nawaelewa. Wawili ndio wananiumiza kichwa zaidi: fundi pancha wa pale kona, ana rundo la matairi limejaa maji ya mvua, na bibi mmoja jirani yangu, namheshimu kama mama mzazi, ana mapipa manne na hataki mtu ayaguse. Siwezi kwenda kumfunulia mtu mzima pipa lake kama askari. Nianzie wapi?

Mhudumu_Lindi
Pole sana dada, na mpe pole mgonjwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku Lindi. Kabla ya hayo ya majirani niseme hili, maana wengi watasoma: homa ukiwa hujajua ni nini, usimpe mtu diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Zinaweza kuongeza kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo chake, maji mengi, na kituo cha afya. Na homa ikishuka siku ya tatu hadi ya saba ndipo pa kumkodolea macho mgonjwa. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, damu puani au kwenye fizi, kuhema haraka, kulegea: usisubiri kukuche.

Sasa majirani. Hilo la mtaro ndilo linalotukwamisha kila mahali. Mbu wa dengue ni yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Anapenda maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, ndoo, kifuu cha nazi, kopo, sahani ya chini ya ua. Mtaro usafishwe, ndiyo, lakini si huko anakotoka huyu. Tena haruki mbali, mara nyingi hapiti mita mia chache. Maana yake mbu aliyemuuma mdogo wako amezaliwa mtaani kwenu.

Nilichojifunza ni kwamba watu hawashawishiki kwa maneno. Chota viluwiluwi vyako mwenyewe, tia kwenye chupa ya kioo, funga mdomo kwa kitambaa, iweke mahali watu wanapokaa. Siku mbili tatu hivi wataona mbu mzima amesimama juu ya maji. Sema "hawa wametoka kwangu". Ukianza na cha kwako hakuna atakayeona umemnyooshea kidole. Ukimaliza mwaga, usiwaachie!

Mmakonde wa Newala
Bwana afya hakukwambia historia, ngoja mimi niseme. Ugonjwa wa chikungunya, ambao unaambukizwa na mbu huyuhuyu, jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu ya viungo. Dunia nzima wanalitamka, ila limetoka huku kwetu, kwenye mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Makonde. Lumsden, mmoja wa walioandika habari zake mwaka 1955, alieleza habari za mbu hawa kuzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Anayeijua Newala haulizi kwa nini. Huku juu hakuna mto wala kijito, maji yalikuwa yanafuatwa bondeni kwa kichwa. Ukishayafikisha nyumbani huyamwagi, utayaweka mtungini hata wiki mbili.

Kwa hiyo mimi nisingemwambia mtu wa Mtwara amwage maji, hiyo ni kumtukana. Mwambie afunike. Sisi nyumbani tunatumia chandarua kilichochakaa, kinakunjwa mara mbili na kufungwa mdomoni mwa pipa kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe. Kikae kimekaza, kisiguse maji. Bati lililowekwa juu juu si mfuniko, mbu anapita pembeni.

Kaka Shangani
Mimi natofautiana kidogo. Tunalipa kodi, mashine za kupuliza dawa zipo, kwa nini mzigo wote uwe wa mwananchi?

Mhudumu_Lindi
@Kaka Shangani, kudai huduma ni haki yako na uidai. Ila moshi ule unaua mbu anayeruka saa ile. Aliyeko ndani ya pipa haumgusi. Kwa joto letu yai mpaka mbu ni kama siku saba hadi kumi, basi wiki ijayo wamerudi. Ukitaka kuidai manispaa kitu cha maana, dai viuadudu vya kuua viluwiluwi vile vinavyotengenezwa Kibaha, kwa ajili ya mashimo na matangi yasiyosuguka. Nikaragua na Meksiko walifanya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2015: vijiji na mitaa ambako wakazi wenyewe walipanga namna ya kuzuia mbu bila kuongeza kemikali, maambukizi ya dengue kwa watoto yalipungua kwa karibu asilimia 30. Haukuondoka wote, lakini kupunguza asilimia 30 ya maambukizi kwa watoto wetu si kidogo.

Halafu dada, kusugua ni muhimu kuliko kumwaga. Mayai anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Yanakauka na kukaa miezi, siku ukijaza maji yanaanguliwa. Brashi ngumu, ukuta wote mpaka mdomoni.

Fundi Matairi
Mimi ni fundi pancha, siyo huyo wa kwenu, lakini nasema kwa niaba yake. Tairi bovu kwetu ni mali. Kuna anayekuja kununua akatengeneze kandambili, kuna wa kamba za kufungia mzigo, wengine wanaweka kwenye bustani. Mkija na vitisho vya faini ataficha nyuma ya banda na mtakuwa mmeharibu. Mwambieni ayapange chini ya paa au turubai. Yasiyouzika mtoboe matundu chini, au mjaze mchanga, Mtwara mchanga haukosekani. Msaidieni kubeba siku moja. Mimi walinisaidia vijana wa mtaa, tukatumia saa mbili tu, na sijarudia kuyaacha nje.

Mama wa Mikindani
Kuhusu huyo bibi. Mwanangu, usiende na bwana afya wala mwenyekiti. Nenda peke yako jioni, umjulie hali, ukae. Muulize maji yanamtosha siku ngapi na nani anamchotea. Mara nyingi mtu mzima anakataa pipa lisiguswe kwa sababu hana wa kulijaza tena.

BintiMagomeni
Nimerudi, wiki tatu sasa. Asanteni sana, mmenifaa kuliko mkutano.

Mama wa Mikindani, ulisema kweli tupu. Nilikaa na bibi mpaka magharibi. Akasema mwaka fulani vijana wa usafi walimmwagia mapipa mawili, maji yakakaa siku nne bila kutoka, akawa anaomba ndoo kwa watu. Sikuwa na la kusema, nikamwomba radhi kwa niaba yao. Tukakubaliana hivi: tunasubiri pipa moja liishe, nalisugua, tunahamishia humo maji ya lingine tukichuja kwa kanga, nalisugua hilo, hivyo hivyo mpaka la nne. Hakuna tone lililomwagwa. Vitambaa vya kufunika kashona mwenyewe kwa mkono, na kwangu kaniletea viwili.

Chupa niliiweka kwenye genge la muuza vitumbua. Siku ya pili watoto wamejazana. Nyumba kumi na moja sasa zinasugua Ijumaa asubuhi. Fundi pancha amekubali, tunabeba matairi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi.

Limebaki moja: kiwanja kitupu nyuma yetu, mwenyewe yuko Dar, vifuu na makopo yamelala kwenye majani.

Mhudumu_Lindi
Mpitie mtendaji wa mtaa ampigie mwenye kiwanja simu mbele yako, apate ruhusa, ndipo muingie. Vifuu mvichome au mvifukie, msivigeuze tu. Na vaeni mikono mirefu, mtakuwa mnaingia asubuhi, saa zake za kuuma.

Fundi Matairi
Hiyo Jumamosi nitakuwa Mtwara kuchukua mzigo. Nitumie mahali ilipo kona yenyewe, nije na toroli.