Naomba ushauri: tunapangaje bei ya manjano ya unga ya chama chetu?

Katibu_Uluguru

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima huku milima ya Uluguru, Morogoro. Tunalima manjano, na tangu tupate mashine hatuyauzi tena mabichi kwa madalali. Tunachemsha, tunakausha, tunasaga na kufungasha wenyewe, pakiti za gramu 100.

Kinachonisumbua ni bei. Wenye maduka tunawauzia pakiti shilingi 700, bei iliyopitishwa na mkutano kwa kuangalia pakiti nyingine zilizoko sokoni. Kamati inaona tunapata sana, kwa sababu mwanachama tunamlipa 800 kwa kilo ya manjano mabichi, na kilo ya unga inaingiza 7,000. Lakini pesa benki inapungua, na wanachama wameanza kunong'ona kwamba viongozi wanakula.

Nimekaa na madaftari ya mwezi mmoja, haya hapa:

Tulipokea kilo 2,000 mabichi. Kuchambua, kuosha, kuchemsha na kukata: vibarua 140,000, kuni na maji 110,000. Zikabaki kilo 1,900. Kukausha: vibarua 90,000, maturubai na matengenezo ya kichanja 60,000. Kusaga: umeme 84,000, vibarua 70,000, mashine na chekeche 30,000. Pakiti na lebo ni 180 kila moja, mfungashaji analipwa 30 kwa pakiti. Kodi ya jengo, mlinzi na uchakavu wa mashine ni 342,000 kwa mwezi. Usafiri na sampuli za madukani ni kama 50 kwa pakiti.

Kikawaida mabichi 2,000 hutupa makavu 400. Mwezi ule mvua ilitukuta, kilo 48 zikaota ukungu tukazitupa. Halafu kuna wanachama wanaotaka tuwalipe 1,000 kwa kilo. Naomba mnisaidie: gharama halisi ya pakiti ni ipi, na ule ukungu nauweka wapi?

Kisutu_Jumla

Katibu, mimi nauza viungo Dar. Bei hupangwa na soko, ndugu yangu. Mteja haulizi wewe umetumia kuni kiasi gani. Angalia wenzako wanauzaje, kisha bana matumizi.

Mhasibu_Nyanda

Kisutu, soko litakwambia unaweza kuuza kwa ngapi. Halitakwambia kama ukiuza kwa bei hiyo utabaki na chama. Vyote viwili vinahitajika, ila Katibu ameuliza gharama, tuanze hapo.

Katibu, manjano yako yanapita hatua moja baada ya nyingine, kila kilo inafanana na mwenzake. Kwa kazi ya namna hiyo gharama hukokotolewa kwa hatua. Kila hatua inapokea gharama ilizorithi kutoka hatua ya nyuma, inaongeza za kwake, kisha jumla inagawanywa kwa kilo nzima, yaani zisizoharibika, zinazotarajiwa kutoka. Hapo kwenye kilo zinazotoka ndipo kamati yako ilipoteleza. Imelinganisha kilo ya mabichi na kilo ya unga wakati inahitajika zaidi ya kilo tano za mabichi kupata kilo moja ya unga.

Fuatana nami, kwanza tuchukue mwezi usio na ukungu.

Manjano 2,000 × 800 = 1,600,000. Ongeza 250,000 za kuchemsha na kuosha, unapata 1,850,000.

Kukausha ongeza 150,000, jumla 2,000,000. Zinatoka kilo 400, kwa hiyo kilo moja kavu imekugharimu 5,000. Maji yaliyokauka na uchafu uliochambuliwa ni upotevu wa kawaida. Haukwepeki, basi kilo nzima zinaubeba.

Kusaga ongeza 184,000. Nikuulize: kati ya 400 unapata unga kiasi gani, na chenga mnazifanyia nini?

Katibu_Uluguru

Unga kilo 380. Chenga zisizopita kwenye chekeche ni kama kilo 12, tunawauzia akina mama wanaotengeneza singo ya kusugulia mwili, kwa 1,500 kilo. Zilizobaki ni vumbi.

Mhasibu_Nyanda

Vizuri sana. Hizo 18,000 za chenga usiziandike kama mapato ya pembeni, zipunguze kwenye gharama ya kusaga. 184,000 toa 18,000 ni 166,000. Jumla sasa 2,166,000, gawa kwa 380: kilo ya unga ni 5,700, gramu 100 ni 570.

Pakiti na lebo 180, kufungasha 30: tumefika 780. Hapo hujamlipa mlinzi wala mwenye jengo, na tayari umepita bei ya 700. Hakuna aliyekula pesa, bei yenyewe ndiyo inayokula.

Zile 342,000 zigawe kwa pakiti 3,800, ni 90 kila moja. Gharama ya uzalishaji ni 870. Usafiri na sampuli ni gharama ya kuuza, usiichanganye na thamani ya mzigo ulioko stoo, lakini kwenye bei lazima iingie: 920.

Angalizo kuhusu hizo 90. Gawa kwa uzalishaji wa mwezi wa kawaida, hata mwezi ambao mashine imelala. Ukizalisha pakiti 1,900 tu, usiseme kila pakiti inabeba 180 halafu ukapandisha bei, wateja watakimbia na mwezi unaofuata utazalisha kidogo zaidi. Sehemu isiyobebwa inakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya mwezi. Kiwango cha kimataifa cha mizigo ya stoo, IAS 2, kinataka hivyo hivyo, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, ataelewa ukimwonyesha.

Sasa ukungu. Kilo 48 × 5,000 = 240,000. Huo ni upotevu usio wa kawaida. Utoe kwenye hesabu ya kukausha, uandike hasara peke yake. Kilo 352 zilizobaki zinaendelea na 5,000 yake ile ile. Ukizibebesha hizo 352 hasara hiyo, kilo inakuwa karibu 5,682, na mteja hawezi kulipia turubai lililochelewa kufunikwa. Zaidi ya hapo, hasara ikiandikwa kivyake mkutano utaiona, na utakuwa na hoja ya kuomba kaushio la jua lenye paa.

Bi_Mrashi

Nawasalimu kutoka Unguja. Mhasibu kaeleza vizuri, nami naongeza la mikononi. Hiyo 400 kwa 2,000 isichukuliwe kama sheria. Manjano yaliyochimbwa kabla majani hayajakauka yana maji mengi, huenda yakakupa 320 tu. Pimeni kila mzigo, na msiamini macho: kidole cha manjano kilichokauka sawasawa ukikivunja kinakatika kwa mlio mkali, na ndani rangi ni moja. Kikipinda kwanza, bado. Mkisaga kikiwa hivyo, uzito mtauona leo na ukungu mtauona dukani.

Kisutu_Jumla

Nimeelewa, na nakubali nilijibu haraka. Ila Katibu, ukiruka ghafla kutoka 700 hadi zaidi ya 920 wenye maduka watakususa. Huku kuna unga uliochanganywa na wanga unauzwa rahisi. Wewe uza usafi wako: tarehe, namba ya mzigo, jina la eneo. Kama hamna alama ya TBS, shirika la viwango, anzeni SIDO mkoani, shirika la viwanda vidogo, wawape utambulisho.

Na kuna jambo hesabu ya hatua imekufunulia. Sisi wa jumla tunanunua pia vidole vikavu, havijasagwa. Ukijua kavu inakugharimu 5,000, siku mtu akikupa 6,000 taslimu mpe sehemu ya mzigo, kuliko kusaga na kufungasha ili uuze kwa hasara.

Mhasibu_Nyanda

Safi kabisa. Kila hatua inakwambia ukisimama hapo umetumia kiasi gani.

Kwenye bei, Katibu, kuna mtego. Mkisema "faida asilimia 15" amueni ni ya gharama au ya bei. 920 ukiongeza asilimia 15 ni 1,058. Ukitaka ibaki asilimia 15 ya bei, gawa 920 kwa 0.85, ni kama 1,082. Mimi ningelenga 1,100 na kupanda kwa awamu mbili, ila awamu ya kwanza isikae chini ya 920.

Katibu_Uluguru

Asanteni sana, nimeanza kupata usingizi. Mawili yamebaki. Mwisho wa mwezi kuna kilo 380 zilizochemshwa zipo kwenye kichanja, zimekauka nusu. Nazihesabu vipi? Na hao wa 1,000 niwajibu nini?

Mhasibu_Nyanda

Za kichanjani zigeuze kwanza kuwa kilo kavu unazozitarajia. 1,900 hutoa 400, basi 380 zitatoa 80. Manjano, kuchemsha na kuosha vyote vimeshaingia kamili: 1,850,000 kwa 400 ni 4,625, mara 80 ni 370,000. Kazi ya kukausha imefika nusu, kwa hiyo hizo 80 ni sawa na kilo 40 zilizokamilika. Kukausha ni 375 kwa kilo, mara 40 ni 15,000. Mzigo wa kichanjani una thamani ya 385,000, na ndiyo kianzio cha mwezi unaofuata. Ukiuacha nje, mwezi huu utaonekana mbaya na ujao utaonekana mzuri bila sababu.

Kuhusu wanachama, wapelekee hesabu ubaoni. Kupanda kutoka 800 hadi 1,000 ni 400,000 kwa kilo 2,000, yaani kama 105 kwa pakiti. Gharama inafika 1,025, na kwa bei ya 1,100 zinabaki 75 za kutengeneza mashine na kuweka akiba. Hawaombi jambo baya, manjano ni yao na chama ni chao. Ila kuna njia ya usalama zaidi: 800 iwe malipo ya awali, na ziada ikipatikana baada ya hesabu kufungwa na kukaguliwa, walipwe malipo ya pili kwa kilo alizoleta kila mmoja.

Bi_Mrashi

Hapo kwenye kilo alizoleta kila mmoja, stakabadhi ziandikwe uzito baada ya kuchambua, si wa gunia lilivyofika. Udongo uliokwama kwenye manjano ya mvua ni mzito, na anayeleta masafi asimlipie mwenzake. Gunia lenyewe litolewe kwenye mizani mbele ya mwenye mzigo.

Katibu_Uluguru

Nimelichukua hilo, Bi Mrashi. Mizani tunayo, daftari la hatua nalianza na mzigo unaoingia sasa. Kikao cha kamati kikikaa nitaweka hapa waliyoamua kuhusu malipo ya awali.